Nimemaliza The Lord of the Rings baada ya miaka 17. Kwa nini sasa?

#1 Kibanda_Namba_9
Wakuu, salamu.

Jumapili usiku, saa sita kasorobo, nimefunga The Lord of the Rings, ile riwaya ya Tolkien. Sikufunga kwa usingizi wala kwa hasira. Kurasa zimeisha. Nikabaki kitandani nimekikumbatia kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho kilichopotea.

Kitabu chenyewe nilikinunua 2008 kwa wale wa inama, wanaopanga vitabu chini kando ya Moi Avenue, shilingi 150 baada ya kuvutana. Ni hadithi nzima ndani ya jalada moja, kurasa zaidi ya 1,000, maandishi kama ya ile karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Nimehama nacho Kayole, Umoja, Zimmerman, sasa Kahawa West. Kimeshakuwa mto, kimeinua tivii, na kuna mwaka kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Nilikianza mara nne. Mara zote nilikwama kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Bilbo, hobiti mmoja (watu wafupi wa hadithi hii). Nikifika kwenye fataki tu, "kesho" inageuka mwezi ujao.

Mwaka huu nikakishika tena Februari, bila kiapo chochote, na wiki tisa zikatosha. Wiki ya mwisho nilikuwa napitwa na kituo. Siku moja makanga akaniinamia: "Mzee, gari imefika mwisho, ama unalala hapa?"

Kitabu ni kile kile. Macho yangu ni mabaya kuliko ya 2008 na kazi imeongezeka. Sasa mbona nimeweza leo? Na ninyi mliomaliza, mlimalizaje?

#2 Mla_Karatasi
Hongera. Simu yako iko wapi?

#3 Kibanda_Namba_9
Kioo kilipasuka Januari. Natumia mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Hapa naandika kwa kompyuta ya kazini.

#4 Mla_Karatasi
Uzi umefungwa. Jibu limepatikana. Twende nyumbani.

#5 Mwalimu_Buru
Usifunge mapema, kijana. Simu haikuwepo zamani na bado watu hawakumaliza vitabu. Mimi nimefundisha fasihi miaka 31 na nitasema lililo rohoni: sisi walimu ndio tuliowaharibu. Mtoto wa Kenya anafungua riwaya akiwa na kalamu ya mwangaza mkononi. Kila ukurasa anawinda tashbihi, maudhui, sifa za wahusika. Anasoma kama mpelelezi. Akimaliza kidato cha nne hataki kuona kitabu kinene tena, na ana haki. Huyu ndugu amechukua miaka 17 ili mtihani umtoke mwilini.

#6 Kijana_Githu44
"Mzee, gari imefika mwisho, ama unalala hapa?"
(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
(b) Kwa kurejelea hoja sita, thibitisha kuwa Kibanda_Namba_9 ni bwege. (alama 12)

#7 Mwalimu_Buru
Umepata sifuri. Hukuandika nambari ya mtahiniwa.

#8 Kaka_Rongai
Mnazunguka bure. Jibu ni jam. Mimi nilimaliza trilojia yote kwenye gari ya 125, kutoka mjini hadi Rongai, jioni tu. Asubuhi nasinzia. Mvua ikinyesha, sura nzima kabla ya kufika Bomas. Watu wanalaani barabara, mimi nilikuwa nimeketi dirishani naomba dereva asipate upenyo. Pale daraja la Moria nilishuka nikapanda gari nyingine kurudi nyuma vituo viwili.

#9 Mhariri_wa_Jioni
Kaka, pole kwa kukukata. Si trilojia. Ni riwaya moja yenye vitabu sita ndani yake. Ilitoka vipande vitatu, kuanzia Julai 1954 hadi Oktoba 1955, kwa sababu baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na mchapishaji hakutaka kuweka hela zote kwenye kapu moja. Tolkien alianza kuiandika mwishoni mwa 1937, akaimaliza 1949. Miaka kumi na miwili ya kuandika. Miaka 17 ya kusoma si aibu sana.

#10 Kaka_Rongai
Mwingereza wa Oxford ana chai na muda. Hajui foleni.

#11 Mhariri_wa_Jioni
Alizaliwa Bloemfontein, Januari 1892.

#12 Kaka_Rongai
Bloemfontein ya Afrika Kusini?? Kwa hiyo ni mtu wa huku?

#13 Mla_Karatasi
Aliondoka ana miaka mitatu. Hata kitambulisho hakuchukua.

#14 Mhariri_wa_Jioni
Na kuhusu muda: alikuwa mwalimu mwenye watoto wanne, na likizo alikuwa anasahihisha mitihani ya watu apate pesa za ziada. Sentensi ya kwanza kabisa kuhusu hobiti aliiandika kwenye ukurasa ambao mtahiniwa aliuacha mtupu. Mwalimu_Buru, hii ni yako.

#15 Mwalimu_Buru
Nimeisoma mara mbili na nimesimama kidogo. Karatasi tupu za watahiniwa nimeziona elfu kadhaa. Niliziandikia 0/20 na kuendelea.

#16 Mama_Pacha_Donholm
Habari zenu. Nina la kwangu, ni refu, mnivumilie.

Baba yangu aliugua miaka miwili, akawa wa kulala tu. Redio ilimchosha. Nikaanza kumsomea hiki kitabu jioni, baada ya uji. Kiingereza kilimkera, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimyakimya mistari mitatu minne kisha namwambia kwa Kiswahili. Sikufikiria kwamba ni kutafsiri. Ilikuwa ni kumpigia baba umbea wa watu wa mbali. Gandalf, yule mchawi mzee, alimwona mbabaishaji: "Huyu anajua kila kitu na hayupo kila anapohitajika." Aliyempenda ni Sam, mtumishi wa Frodo, yule hobiti anayebeba pete ya hatari kwenda kuiharibu. Baba alikuwa mpishi wa hoteli, na Sam anatembea safari nzima na sufuria zake mgongoni. Pale anapopika sungura alinisimamisha: "Chumvi anayo?" Nikamwambia anayo, ameibeba kwenye kisanduku. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Tulifika kwenye yule buibui mkubwa. Baba akafariki wiki hiyo. Kitabu nilikirudisha kabatini na kwa miaka mitatu sikukigusa.

Nilikimalizia mwaka jana peke yangu. Sasa, kuna mahali wako Mordor, nchi ya adui, wanatupa kila kitu ili wapunguze mzigo, na Sam anazichukua zile sufuria anazitumbukiza kwenye shimo, na anasikia zinavyogonga mawe zikienda chini. Nilifunga kitabu nikalia. Nilililia sufuria. Watoto wakaniuliza nani amekufa.

Kwa hiyo mimi sijui habari za simu wala jam. Nadhani kitabu kirefu kinamngoja mtu uwe naye ndani.

#17 Kijana_Githu44
Nilikuja kucheka hapa. Pole mama.

#18 Binti_Pate
Pole sana dada, na shukrani kwa kutuhadithia.

Ila Mama_Pacha amegusa penyewe: sauti. Hivi vitu virefu asili yake si kusomwa kwa macho peke yako chini ya taa. Utenzi wa Ras il Ghuli una beti zaidi ya 4,000, una majini na mapanga na safari, na watu hawakuushindwa, kwa sababu mmoja anaghani na wengine wamekaa barazani na kahawa. Ukisinzia, jirani anakupiga kiwiko. Kitabu kinene kimewekwa jela peke yake na msomaji, ndiyo maana wote wawili wanachoka.

#19 Kibanda_Namba_9
Binti_Pate, hapo umenigusa kidogo, maana hizi wiki tisa nilikuwa nasoma kwa kunong'ona. Mke wangu alidhani nasali.

#20 Fundi_Maneno
Mimi nina swali la pembeni. Mama_Pacha, ulipofika kwa yule Mfalme-Mchawi, jemadari wa adui, ulimwambiaje mzee? Nasema ule utabiri kwamba hataanguka kwa mkono wa "man". Kiingereza neno moja linabeba binadamu na mwanamume. Ndiyo maana jamaa anajiona salama, kisha Éowyn, mwanamke aliyejificha kati ya askari, kofia ya chuma inamdondoka nywele zinaonekana. Kiswahili utasemaje? Ukisema "mtu", umedanganya, Éowyn ni mtu. Ukisema "mwanamume", umeshatoboa siri, hata mtoto wa darasa la tatu atauliza, "Na mwanamke je?"

#21 Kijana_Githu44
JAMANI mbona mnamwaga mwisho wa hadithi hivi hivi?

#22 Mla_Karatasi
Imetoka 1955, kijana. Ulikuwa na muda.

#23 Mama_Pacha_Donholm
Fundi, baba hakufika huko, ila nikifika mwenyewe niliwaza nitamwambiaje nikashindwa. "Dume"? Inachekesha.

#24 Binti_Pate
Hamjashindwa. Mmesahau lugha tu. Kwetu mkono wa kulia ni nini? Mkono wa kuume. Na wa kushoto? Mkono wa kike. Basi: "Hataanguka kwa mkono wa kuume." Mfalme-Mchawi anasikia kulia na kushoto, miaka yote anajikinga upande mmoja. Kumbe aliambiwa mume na mke.

#25 Fundi_Maneno
Nimesimama hapa ofisini napiga makofi peke yangu.

#26 Mhariri_wa_Jioni
Ni nzuri, ila sina budi. Pale vitani ngao ya Éowyn inavunjwa kwa rungu na mkono wa ngao unavunjika. Upanga anauchoma kwa mkono uliobaki, yaani wa kulia. Kwa tafsiri ya Binti_Pate, jamaa ameuawa kwa mkono wa kuume na utabiri umekuwa uongo.

#27 Binti_Pate
Mkono wa kuume wa mtu wa kike. Utamu ndio huo, wewe unatafuta risiti.

Na msisahau, hii si ngeni kwetu. Fumo Liyongo naye hakuna silaha iliyomweza, ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Hata alipokufa alibaki amepiga goti kisimani na upinde wake, mji mzima ukaogopa kuteka maji. Mfalme-Mchawi naye kabla ya Éowyn amechomwa nyuma ya goti na Merry, hobiti mwingine, kwa ule upanga mfupi. Si upanga wowote. Ni ule wa makaburini.

#28 Kibanda_Namba_9
Hapo mnisaidie. Ule upanga wa Merry ulinisumbua. Mwandishi anausifia pale kwamba ulifuliwa na watu wa kale mahususi kwa adui yule, kisha unaungua kama tawi kavu. Nikajiuliza Merry aliupata wapi. Makaburi gani?

#29 Binti_Pate
Yale ya kwenye ukungu. Bombadil anapowatoa na kuwachagulia kila mmoja upanga.

#30 Kibanda_Namba_9
Bombadil yupi?

#31 Mla_Karatasi
🍿

#32 Kaka_Rongai
Ndugu. Wewe umesoma kitabu au umetazama filamu?

#33 Mwalimu_Buru
Mtahiniwa ameshikwa na mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani.

#34 Kibanda_Namba_9
Nimesoma kila neno! Bombadil namjua, anatajwa kwenye lile baraza la Elrond, wanajadili kama apewe pete, nikadhani ni mzee wa zamani tu, kama mababu wengine wanaotajwa humo. Na mwisho kabisa Gandalf anaaga anasema anaenda kuongea naye. Nikasema sawa, mwache aende.

#35 Mama_Pacha_Donholm
Kibanda, hebu kifungue. Sura ya tano inaisha Frodo anaota anasikia bahari na kuona mnara. Ukigeuza, unakuta nini?

#36 Kibanda_Namba_9
Kiko nyumbani. Nipeni mpaka jioni.

#37 Kibanda_Namba_9
Nimerudi.

Sura ya tano. Ndoto, bahari, mnara, radi. Nageuza: wako Bree. Sura ya tisa. Nimetazama katikati kwenye mgongo wa kitabu, gundi imekauka na kuwa kahawia kama njugu, na kuna pengo ambalo kidole changu kidogo kinaingia. Bonge zima limechomoka. Mimi nilidhani mwandishi ameamua kuruka safari ili tusichoke. Hata nilimsifu moyoni.

#38 Kijana_Githu44
Nimeanguka kwenye kiti 😂😂😂 alimsifu!

#39 Kaka_Rongai
Sasa tumepata jibu la kweli la uzi huu! Ndiyo maana alimaliza! Wengi wetu tunafia palepale, msituni, yule mzee mwenye buti za njano anaimba kurasa na kurasa. Kibanda alipitishwa njia ya mkato. Amepanda ekspresi, sisi tulikuwa barabara ya chini.

#40 Mhariri_wa_Jioni
Haisimami. Mara zote nne alikwama kwenye sherehe, ambayo ni sura ya kwanza. Pengo lilikuwepo miaka yote na halikumsaidia.

#41 Kaka_Rongai
Pengo lilimsaidia mara ya tano. Mhariri, uachie watu furaha.

#42 Mzee_wa_Inama
Wanangu, nauza vitabu chini barabarani tangu 1996 na nawaambia siri ya kazi. Hivi vitabu vya gundi vinakuja kwa marobota, vimekaa kwenye joto, mgongo umekuwa kama biskuti. Ukivimwaga chini vinachomoka mabonge. Mwuzaji mwenye adabu anafunga kwa raba. Asiye na adabu anasukuma bonge pembeni na kufunga jalada. Mteja wa 150 hahesabu kurasa, anahesabu chenji. Na yale mabonge hayatupwi. Jioni anapita mama wa karanga.

#43 Mla_Karatasi
Kwa hiyo 2008 kuna mtu alikula karanga akiwa amemshika Tom Bombadil.

#44 Mzee_wa_Inama
Bila shaka yoyote. Na pengine alimsoma. Mimi nimejifunza mengi kwenye karatasi ya karanga.

#45 Fundi_Maneno
Sasa swali zito. Je, Kibanda amemaliza kitabu au hajamaliza?

#46 Mwalimu_Buru
Hajamaliza. Sura tatu nzima.

#47 Binti_Pate
Amemaliza. Alifika mwisho na mwisho ukamfika. Filamu ya 2001 nayo ilimwacha Bombadil nje na hakuna aliyeomba arudishiwe pesa.

#48 Mhariri_wa_Jioni
Filamu na kitabu ni vitu viwili. Hata ile sehemu wanaporudi nyumbani na kukuta Shire, kwao hobiti, imeharibiwa filamu haikuiweka, na bila hiyo hadithi ni nyingine kabisa. Hajamaliza.

#49 Mama_Pacha_Donholm
Baba yangu aliishia kwa buibui. Mkiniuliza kama alikisoma, nitasema alikisoma.

#50 Kijana_Githu44
Jamani, mimi nimeenda kutazama kitu. Kwenye kitabu, kati ya sherehe ya Bilbo na siku Gandalf anarudi kumwambia Frodo ukweli wa pete, inapita miaka mingapi? KUMI NA SABA. Frodo alikaa na pete ndani ya nyumba miaka 17 kabla ya kutoka mlangoni. Na Kibanda alikuwa anakwama wapi? Kwenye SHEREHE. Amekaa na kitabu miaka 17 halafu ndiyo akaondoka.

#51 Mwalimu_Buru
Alama 12 kati ya 12. Na nambari ya mtahiniwa nakusamehe.

#52 Kibanda_Namba_9
Kijana, nimesoma hiyo mbele ya mke wangu, naye akasema sasa anaelewa kwa nini nilikuwa nanong'ona.

Maswali mengine nimewaachia ninyi. Mimi nahitaji sura ya sita, ya saba na ya nane. Nani anazo?

#53 Mhariri_wa_Jioni
Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, wale simba wa mlangoni. Kajaribu huko kwanza, uketi uzisome mezani.

#54 Mama_Pacha_Donholm
Usiende mbali. Nitakuazima chetu. Kina madoa ya uji kwenye hizo sura, usijali. Kesho saa kumi na moja niko Ambassadeur napanda gari ya Donholm. Nitavaa leso ya kijani.

#55 Mzee_wa_Inama
Mama, andika jina ndani kwanza. Hawa watu wa inama nawajua.

#56 Kibanda_Namba_9
Nimekipata. Asante sana Mama_Pacha, na mwambie yule pacha mdogo kuwa mimi si yule "mjomba aliyekosa kurasa", nina jina.

Niko nusu ya sura ya saba. Huyu mzee anaimba! Anaimba akifungua mlango, anaimba akibeba maua, na akizungumza kawaida ni kama bado anaimba. Pembeni ya ukurasa mmoja kuna maandishi ya penseli: "Baba: huyu amelewa?" Nimecheka mpaka nikapitwa na kituo.

#57 Kaka_Rongai
Nilikwambia. Ruka nyimbo.

#58 Kibanda_Namba_9
Siruki. Nazinong'ona.

#59 Abiria_Utawala
Habari wadau, nimefika sasa hivi, sijasoma uzi wote. Nina juzuu ya kwanza na ya tatu. Nani anauza ya pili?